Jiwe la Apophis na giza la Aprili 2029, likitazamwa kutoka Tanga

Jirani yangu mmoja wa Deep Sea, hapa Tanga, mwenye mashua mbili za dagaa, alinijia jioni moja na simu mkononi akanisikilizisha ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka katika kundi la wavuvi. Msemaji, ambaye hakujitaja, alidai kwamba usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 jiwe kubwa litatoka angani na kuanguka katika Bahari ya Hindi, kwamba wakubwa wa dunia wanalijua jambo hilo tangu mwaka 2004 na wamelificha, na kwamba wimbi litakalozuka litafika Ngamiani, barabara ya ishirini. Jirani yangu si mtu wa kutishika upesi, ila alikuwa na swali la biashara. Alikuwa anazungumzia mkopo wa injini ambao marejesho yake yangeishia mwaka huo huo wa 2029, akataka kujua kama kuna haja ya kujinyima. Tulicheka. Hata hivyo nilimwomba siku chache nimwandalie maelezo, kwa sababu ujumbe ule ulikuwa mgumu kuukanusha kwa neno moja: sehemu yake kubwa ni kweli. Jiwe lipo, tarehe ni hiyo hiyo, na mwaka 2004 wataalamu wa falaki walitoa namba ambazo zingemtisha mtu yeyote. Yaliyo uongo ni mawili, kuanguka na kufichwa, na maelezo yafuatayo yanahusu jinsi tunavyojua hivyo.

Jiwe lenyewe huitwa Apophis, namba yake rasmi ni 99942, na jina limetokana na namna Wagiriki walivyomwita yule joka wa giza wa Misri ya kale aliyekuwa adui wa mungu jua. Ni asteroidi, yaani pande la mwamba linalolizunguka Jua kama sayari inavyolizunguka, lenye upana wa wastani wa mita 340 hivi. Sisi Waswahili tuna neno moja, kimondo, ambalo tunalitumia kwa kila kitu kinachotoka juu, na nadhani nusu ya hofu inaanzia katika neno hilo, kwa kuwa kimondo ni kitu kinachoanguka. Pande la chuma la Mbozi, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, ni kimondo kwa haki kabisa, maana lilianguka na hadi leo linaguswa kwa mkono. Apophis halijaanguka popote.

Njia yake si ngumu kuieleza. Dunia hukaa takriban kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua na humaliza mzunguko kwa siku 365. Apophis husogea hadi kilomita milioni 112 kutoka kwenye Jua, kisha hutoka hadi milioni 164, na mzunguko wake mmoja huchukua siku 324 hivi. Kwa hiyo kila inapozunguka huikata njia ya Dunia, mara ikielekea ndani na mara ikitoka nje, na mlalo wa njia yake unatofautiana na wa njia yetu kwa nyuzi zisizozidi nne. Fikiria ngalawa mbili zinazokizunguka kisiwa cha Toten pale bandarini, moja ikiwa na kasi kidogo kuliko nyingine. Ile ya haraka itaipata na kuipita ya pili, lakini si kila mzunguko. Itabidi kwanza ijikusanyie faida ya mzunguko mzima. Apophis hutuzidi kwa siku 41 kila mzunguko, na ukiifanya hesabu utaona kwamba hutufikia baada ya takriban miaka minane. Ndiyo sababu iliangaliwa vizuri mwaka 2004 na 2005, ikaangaliwa tena 2012 na 2013, ikarudi 2020 na 2021, na zamu inayofuata ni 2029. Katikati ya zamu hizo hujificha upande wa Jua, ambako darubini haziwezi kuifuata. Naomba msomaji aishike miaka hiyo, kwa kuwa kila hatua ya kisa hiki imeamuliwa na ratiba hiyo.

Iligunduliwa tarehe 19 Juni 2004 na Roy Tucker, David Tholen na Fabrizio Bernardi, waliokuwa wakitumia darubini ya Kitt Peak, Arizona, nchini Marekani. Waliipiga picha kwa siku mbili, kisha ikawapotea. Tarehe 18 Desemba ikaonekana tena kutoka Australia, na hapo ndipo kompyuta zilipoanza kutoa majibu ya ajabu: kulikuwa na uwezekano, mdogo lakini si wa kupuuzwa, kwamba mwaka 2029 ingeigonga Dunia. Uwezekano huo ulipanda siku baada ya siku kadiri picha mpya zilivyoingia, na tarehe 27 Desemba ukafika asilimia 2.7, yaani nafasi moja kati ya 37. Katika kipimo cha Torino, kinachopanga hatari ya mawe ya angani kuigonga Dunia na ambacho huanzia 0 hadi 10, Apophis ilipewa 4, na hakuna jiwe jingine lililowahi kufika daraja hilo. Namba hizo zilitangazwa wazi kila zilipobadilika, kwa mtu yeyote aliyetaka kuzisoma. Anayesema zilifichwa hajui kwamba hata yeye amezipata kutoka kwa wale wale anaowatuhumu.

Kama watu wengi hawakuzisikia, sababu ni nyingine, na mtu wa pwani hahitaji kukumbushwa mara mbili. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra lilizua tsunami iliyoua watu zaidi ya laki mbili katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi, na hapa Tanzania pia watu walikufa. Wakati uwezekano wa Apophis unafika kileleni, hakuna gazeti lililokuwa na nafasi ya jiwe la mwaka 2029. Nashuku kwamba mambo haya mawili, jiwe na wimbi, yalifungwa fundo moja katika kumbukumbu za watu kwa sababu tu yalitokea juma moja, na kwamba yule msemaji wa kwenye simu amelirithi fundo hilo bila kujua lilifungwa lini.

Tarehe 27 hiyo hiyo mambo yaligeuka. Wataalamu walirudi katika picha za zamani zilizokwisha kupigwa kwa shughuli nyingine, na katika zile za tarehe 15 Machi 2004 wakaikuta Apophis, nukta hafifu ambayo hakuna aliyekuwa ameigundua. Picha hizo ziliurefusha muda wa kuifuatilia kwa miezi mitatu kabla ya ugunduzi wenyewe, njia ikahesabiwa upya, na uwezekano wa kugonga mwaka 2029 ukatoweka.

Hapa jirani yangu alinikatiza, na alikuwa na haki. «Mwalimu, kitu kikipanda kutoka kidogo mpaka moja kwa 37, halafu ghafla kikawa sifuri, mimi naona mtu kafuta daftari.» Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani, na nilimjibu kwa mfano wa baharini. Chukulia kwamba mashua imezimikiwa injini katika mkondo wa Pemba, na wewe una jamaa Tongoni anayetaka kujua kama itatupwa mbele ya nyumba yake. Mwanzoni hujui lolote isipokuwa kwamba itafika mahali fulani kati ya Moa na Kipumbwi, na katika ufuo mrefu namna hiyo Tongoni ni kipande kidogo sana. Baadaye mvuvi anapiga simu kwamba ameiona, na kwa mwelekeo wake itatua kati ya Sahare na Kigombe. Ufuo umefupika, Tongoni bado imo ndani, kwa hiyo nafasi yake imepanda, ingawa mashua haijabadili njia hata kwa pima moja. Simu ya tatu inasema imeshaonekana ikiingia Mwambani. Kuanzia hapo nafasi ya Tongoni ni sifuri. Kilichokuwa kikibadilika muda wote ni urefu wa ufuo tunaoushuku. Dunia mwaka 2029 ilikuwa Tongoni: ilikaa ndani ya eneo la mashaka muda mrefu kidogo kuliko kawaida, asilimia zikapanda, kisha picha za Machi zikalikata eneo hilo na kuiacha nje. Nikikumbuka namna habari za asteroidi nyingine zilivyopokewa tangu wakati huo, naona wataalamu wangesaidia zaidi kama kila walipotaja asilimia wangetaja pia urefu wa ufuo.

Mwaka 2029 ulipoondolewa, swali likahamia mbele. Jiwe likipita karibu namna ile, mvutano wa Dunia utalipinda, na kiasi cha kupindwa kinategemea sana mahali hasa litakapopitia. Wataalamu walikuta kwamba kulikuwa na kijia chembamba angani, chenye upana wa mita 600 hivi, walichokiita tundu la ufunguo. Kama Apophis ingepita ndani ya kijia hicho mwaka 2029, ingerudi kuigonga Dunia mwaka 2036. Kulenga mita 600 katika safari ya mamilioni ya kilomita si jambo la kubahatika kirahisi, lakini pia si jambo la kulikana bila kipimo. Zamu ya 2013 ilitoa kipimo hicho kwa rada ya Goldstone, California, na mwaka 2036 ukafutwa.

Ukabaki 2068, ambao ulikuwa mkaidi kwa sababu ya joto. Upande wa jiwe unaoelekea Jua hupata moto, kisha jiwe linapojigeuza upande huo huutoa moto wake angani, na moto unaotoka hulisukuma jiwe kidogo sana, kama pumzi. Msukumo huu huitwa athari ya Yarkovsky. Mwaka 2020 kundi la Tholen lilitangaza kwamba limeupima kwa Apophis, nao unaisogeza njia yake kwa kadiri ya mita 170 kila mwaka. Ni kidogo, lakini ukikusanywa kwa miongo hutosha kuivuruga hesabu ya mwaka 2068. Jawabu lilikuja Machi 2021, jiwe lilipopita umbali wa kilomita milioni 17. Goldstone ilirusha mawimbi ya redio, mwangwi ukapokewa huko na kwenye dishi la mita 100 la Green Bank, West Virginia. Safari ya kwenda na kurudi ya mawimbi hayo ilikuwa karibu dakika mbili, na umbali wa jiwe ukajulikana kwa kosa lisilozidi mita 150 hivi. Kwa kipimo hicho 2068 nao ukaondoka, na ikatangazwa kwamba kwa angalau miaka mia moja Apophis si tishio kwa Dunia. Jirani yangu alitaka kujua kwa nini isisemwe milele. Nilimwambia ni kwa sababu hiyo hiyo ya pumzi: mbele ya hapo ufuo unakuwa mrefu tena.

Sasa niuache upande wa hofu, kwa kuwa uliobaki unanivutia zaidi. Usiku huo Apophis itapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia, karibu zaidi kuliko satelaiti za televisheni ambazo madishi yetu huzielekea, zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Hazitagongwa, kwa kuwa njia ya jiwe imeinama, na litakapokuwa linaivuka ikweta litakuwa nje ya mshipi wao. Kitu chenye ukubwa huo hukaribia hivi mara moja katika miaka elfu kadhaa, na kitaonekana kwa macho matupu. Afrika ni miongoni mwa sehemu bora za kukitazamia.

Wakati unaotajwa kila mahali ni ule wa ukaribu wa mwisho, ambao kwa saa zetu ni saa sita na dakika 46 usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 14. Mtu wa Tanga akiiweka saa yake kwa wakati huo atajuta. Apophis itakuwa imetokea upande wa Australia, imevuka Bahari ya Hindi, imepita juu ya Afrika, na dakika hiyo itakuwa juu ya Atlantiki. Kwa mtu wa Dakar itakuwa juu vizuri. Kwetu itakuwa imeinama magharibi, kwenye upeo au karibu nao, mahali ambapo ukungu wa masika na vichwa vya Usambara huimeza hata nyota kubwa. Saa zetu ni za mapema zaidi. Baada ya Isha itakuwa inapanda kutoka upande wa bahari, itapita juu sana katikati ya jioni, kisha itateremka magharibi kwa kukaza mwendo. Nimekadiria kwamba kufikia saa nne na robo tatu, saa mbili kabla ya ukaribu wa mwisho, itakuwa kilomita 60,000 hivi kutoka kitovu cha Dunia badala ya 38,000. Kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, itakuwa hafifu kama mara mbili na nusu kuliko itakavyokuwa kileleni, lakini bado ndani ya uwezo wa jicho.

Kipimo cha mwanga kipo tayari, tena cha kwetu. Kileleni mwake Apophis itakuwa na mwanga unaokaribia ule wa nyota angavu kuliko zote za Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizosongamana, na saa nne na robo tatu itafanana na zile ndogo zake. Kilimia chenyewe kitakuwa kinazama mapema usiku huo, kama kifanyavyo kila Aprili, na anayetaka kujua ajiandae kutafuta nini akitazame kabla hakijaingia, kisha ageuke. Asitegemee mkia wala moto. Itakuwa nukta isiyomeremeta, itakayojitambulisha kwa kutembea. Satelaiti za kawaida huivuka mbingu kwa dakika chache na kutoweka. Hii itatembea kwa saa nyingi, na utaijua kwa kuikariri mahali pake kati ya nyota mbili na kurudi baada ya robo saa. Kwa mtu wa Bagamoyo maelezo ni yale yale, tofauti haionekani kwa jicho.

Bahati moja tunayo: usiku huo hakuna mwezi. Mwezi utakuwa unazaliwa usiku huo huo, na baada ya siku moja au mbili watu watasimama ufuoni baada ya Magharibi kuutafuta mwandamo wa Mfungo Tatu. Kwa hiyo mbingu itakuwa nyeusi kama inavyotakiwa. Kikwazo ni kwamba Aprili ni masika, na sijui dawa ya wingu. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua ningetoka mjini, niache taa za bandari nyuma, nielekee Kigombe, nikakae na darubini ndogo ya macho mawili na mwavuli.

Mwandamo huo huo utaleta bamvua, nalo ni jambo la kutangazwa mapema, kwa kuwa maji yatakapojaa kupita kawaida wapo watakaosema ni jiwe linavuta bahari. Nimelipigia hesabu. Nguvu ya kuinua maji hutegemea uzito wa kitu na mchemraba wa umbali wake. Apophis itakuwa karibu mara kumi kuliko mwezi, lakini uzito wake ni kama sehemu moja ya trilioni ya mwezi, hivyo mvuto wake juu ya maji ni takriban sehemu moja ya bilioni. Maji yakipanda mita tatu kwa ajili ya mwezi, yatapanda kwa ajili ya jiwe kiasi ambacho unywele mmoja ni mnene kukizidi mara maelfu.

Nyuma ya usiku huo kazi itaendelea. Shirika la Anga la Ulaya linaandaa chombo kiitwacho Ramses kiwahi kufika kabla ya jiwe kupita, ili kilione linavyokuwa kabla na baada ya kuvutwa, na Marekani imekielekeza huko chombo chake kilicholeta udongo wa asteroidi Bennu mwaka 2023, ambacho sasa kinaitwa OSIRIS-APEX. Mzunguko wa Apophis hautabaki kama nilivyoueleza: Dunia itaurefusha kutoka siku 324 hadi zaidi ya 400, na ile zamu ya miaka minane itavunjika.

Nilimsomea jirani yangu haya yote kibarazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akahesabu kwa vidole, akasema kwamba kama hakuna mwezi basi hilo ni giza, na giza ni la dagaa, kwa hiyo saa nne usiku huo atakuwa maji makuu na taa zimewashwa. Nikamwambia kwamba mwenye taa za dagaa machoni haoni hata Kilimia, sembuse Apophis. Azizime kwa robo saa tu.

«Mwalimu,» akasema, «nikizizima, dagaa watanisubiri?»

Tumeafikiana kwamba mashua moja itazima na nyingine itawasha, na kwamba mimi nitakuwa katika ile iliyozima.